Kamba ya Nguo kwenye Nguzo

Kila Jumamosi mstari wa vipimo ulicheza kidogo kwenye kompyuta ya mpimaji, naye alijua: mama anafua. Mama yake, mbishi asiye na mfano, alikuwa amefunga kamba ya nguo kwenye nguzo ya uani yenye antena inayopokea mawimbi ya setilaiti.

"Mama, ile ni ya kupimia mwendo wa ardhi!"

"Na mimi naanikia shuka. Zitaelewana tu."

Nguzo ile aliijenga marehemu baba, fundi aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Zege, mwaka mpimaji, binti yake, alipoajiriwa. Mpimaji bado alimwona amepiga magoti, akilainisha saruji kwa mwiko na kutamba kwamba dunia yote ihame, hapa patabaki.

Na kweli palibaki. Vituo vingine vya vipimo, vya mbali, vilisogea pamoja na ardhi upana wa kidole kila mwaka. Cha nyumbani kiliganda palepale, miaka nenda miaka rudi. Mpimaji alitamani kosa liwe la kamba. Akaenda kuifungua mwenyewe, akasubiri weee, mstari ukabaki vilevile. Maana yake ufa mkubwa wa miamba chini ya mtaa ule ulikuwa umekwama, na siku ukikwamuka litakuja tetemeko la kutisha. Nyumba ya Mzee Zege, aliyoijenga ujanani kabla hajamudu kununua nondo, isingestahimili.

Aliporudi kwa mama alimkuta ameshaifunga kamba tena. Hakumung'unya maneno.

"Lazima uhame, mama. Hapa hapasogei."

"Kisichosogea ndicho cha kuogopa?"

"Kinaweka kinyongo."

Mama alizamisha mikono ndani ya beseni, macho kwenye nguzo.

"Kama baba yako," alisema. "Kifua kinambana, hasemi. Nikimuuliza, eti mzima kama chuma. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu." Akaikamua shuka kwa nguvu. "Sitaki kuusikia huo mshindo mara ya pili. Nitahamia kwako. Ila nguzo usiing'oe."

Jumamosi ya kwanza mama alianika kwenye kibaraza cha bintiye, akilalamika kwamba huku hakuna hata upepo. Mpimaji alifungua kompyuta. Mstari wa nyumbani ulikuwa umenyooka, safi kabisa, kama alivyotaka uwe miaka yote. Akautazama muda mrefu, akiutafuta ule mchezo mdogo wa shuka mbichi, na machozi yakamtoka.