Mashine ya Bure ya Col Pengilly

Murray Trembath alipewa bure mashine ya kukatia nyasi na rafiki yake Col Pengilly, akaiuza dola mia tisa, na aliyeinunua akatokea kuwa mkwe wa Col. Hiyo ndiyo shida, na hakuna namna ya kuisimulia ikapungua.

Ilikuwa mashine ya kukalia, ile unayoiendesha kama trekta dogo. Col alinunua mpya mwishoni mwa baridi, ya zamani ikabaki imekufa kando ya banda lake, kuku wakitagia juu ya kiti na mkewe Raelene akilalamika.

"Ichukue, Muz," Col alimwambia Murray. "Usipoichukua naipeleka dampo. Raelene amechoka kuiona, na akichoka kuiona hiyo ataanza kuniangalia mimi."

"Unataka ngapi?" Murray aliuliza, kwa sababu lazima uulize.

"Usinitukane asubuhi yote hii."

Ndivyo mambo yalivyo Kadina, mji mdogo wa wakulima kusini mwa Australia. Kitu usichokitaka humuuzii rafiki. Rafiki naye haji mikono mitupu. Anakuja na katoni ya bia, mnakaa bandani, kila mmoja anaisema vibaya timu ya mwenzake, na makopo yakiisha mmeshamalizana. Murray alileta katoni. Wakamalizana. Ikabaki sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: siku ukitaka kukiuza, unamuuliza kwanza aliyekupa. "Utaona vibaya nikiiuza?" Naye atajibu uza bwana, ni yako hiyo. Atajibu hivyo kila mara. Lakini unauliza.

Murray hakuuliza.

Hakuwa na nia mbaya. Jumamosi kadhaa alilala chini ya ile mashine, akasafisha kabureta, akabadilisha mkanda, visu na betri. Siku ilipowaka alimwita mkewe aje aone. Alitaka kukatia nyasi za kiwanja chake kabla ya msimu wa mioto ya nyika. Kisha mvua ikakataa, shayiri ikawa haba, na kule kwenye maghala ya nafaka anakofanya kazi wakampunguzia zamu. Wakati huohuo leseni ya pikapu ilikuwa inaisha. Bila pikapu hakuna kwenda kazini, na bila kazi hakuna chochote.

"Si Col ana mpya?" Jeanette, mkewe, alimuuliza, simu mkononi, picha ya mashine imeshapigwa.

"Anayo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Murray hakuliona. Tangazo likaenda mtandaoni kwa jina la kwao Jeanette, la kabla ya kuolewa. Kesho yake kijana mmoja akaja na trela, akasema ametumwa na mwenzake wa kazini aliye zamu, akatoa noti, akaondoka. Mwenzake huyo alikuwa Brodie, aliyemwoa binti ya Col na kuhamia Wallaroo, mji wa jirani, kutoka kaskazini miezi michache iliyopita. Jumapili Col alikwenda kwa Brodie kula nyama ya kuchoma, akakuta mashine yake imeegeshwa kivulini, ile alama ya kuungua aliyoitia mwenyewe ikiwa palepale kwenye boneti.

Ijumaa, klabuni, Murray hakuwa hata amevuta kiti.

"Huyu hapa mfanyabiashara!" Col alipaza sauti. "Mpisheni, jamani, asije akawauza na viti!"

Wenzao walicheka. Walikuwa wameshasimuliwa.

"Col, sikujua ni Brodie."

"Hakuna shida. Inaunguruma vizuri. Kazi nzuri."

"Haki ya Mungu, ningejua..."

"Ungejua ungemuuzia nani? Mkwe wa mtu mwingine?"

Kicheko kikapanda tena, kikafa mapema.

"Hakuna shida, Muz," Col alisema, akageukia bia yake. "Nimeshasema. Hakuna shida."

Mtu wa kule akikwambia mara moja kwamba hakuna shida, kweli hakuna. Col alikuwa ameshasema mara tatu.

Usiku ule Murray alimwambia Jeanette wairudishe hela. Jeanette akamwonyesha pikapu dirishani. Hela ilikuwa chini ya pikapu, imegeuka tairi, na kwenye leseni. Murray akaenda kukopa mia tisa kwa dada wa Jeanette, kitu alichoapa zamani kwamba hatakifanya, akaendesha hadi Wallaroo. Brodie alitoka nje na taulo begani, akaziona zile noti, akarudi nyuma hatua moja.

"Siwezi, Mzee Murray. Baba mkwe amenikataza. Amesema nimenunua kihalali na nisilete maneno."

"Zichukue tu, hatajua."

"Atajua. Na mimi ndiye ninayekula naye Jumapili."

Murray akaenda kwa Col. Alimkuta anamwagilia nyanya. Murray alinyoosha mkono wenye noti, na alipouona mkono wake mwenyewe pale hewani akajua amekosea mara ya pili.

"Hela ya nini?" Col aliuliza. "Kwani mimi nilikuuzia kitu?"

"Ni haki yako."

"Ningetaka hela ningeiuza mwenyewe. Nikizipokea hizo, basi nilikuuzia. Sikukuuzia."

"Basi nitukane, bwana. Nitukane matusi yote unayoyajua, nipige hata ngumi, tuyamalize."

"Nikutukane kwa nini?" Col hakuinua sauti. Aliusogeza mpira wa maji kwenye shina la pili. "Ilikuwa takataka, Muz. Nilikupa takataka. Hakuna shida."

Murray alisimama pale mpaka maji yakamfikia viatuni, kisha akaenda nyumbani.

Akajaribu kitu pekee kilichobaki. Alinunua katoni nyingine, ile bia anayoipenda Col, akaiacha mlangoni kwa Raelene. Raelene aliipokea. Alimwambia tu, "Nitampa," wala hakumkaribisha chai.

Jumanne ilikuwa zamu ya mtaa wao kutoa vitu vikubwa kando ya barabara. Kila mtu anaweka asichokitaka mbele ya nyumba yake, na yeyote apitaye ana ruhusa ya kubeba kabla lori la manispaa halijafika. Murray alipita akielekea kazini. Mbele ya nyumba ya Col kulikuwa na godoro, kiti kilichovunjika mguu, na katoni ya bia ambayo haijafunguliwa.

Akapunguza mwendo. Akiibeba, ameokota takataka ya Col kwa mara nyingine. Akiiacha, imekubalika kwamba ni takataka. Gari la nyuma likampigia honi. Akaendelea.

Jioni godoro lilikuwepo bado. Katoni haikuwepo.

Mia tisa za kukopa zilirudi kwa mwenyewe bila kuguswa. Za mashine, vipuri vilikula mia na arobaini, katoni ya kwanza hamsini na tano, ya pili sitini. Ikabaki faida ya dola mia sita na arobaini na tano, nayo iliishia kwenye tairi na leseni ya miezi sita. Col hajagombana naye hata leo. Wakipishana barabarani anainua kidole kimoja juu ya usukani, kama anavyomwinulia kila mtu, hata wageni. Walikuwa marafiki miaka ishirini na sita.