Kambare wa Nyuma ya Hoteli

Kwa dobi, pua ni kitendea kazi. Huyu wetu aliweza kunusa kwapa la shati akakuambia mwenye shati alitoka jasho la kazi au la uongo. Kwa hiyo baba wa mchumba wake aliposema, "Jumamosi twende ziwani tukavue, jibu la posa yako nitalitoa mezani," alifurahi kama yeyote angefurahi. Lakini mtumbwi ulipokata kona kuingia kwenye matete, pua ilikataa kabla macho hayajaona kitu.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, kusini mwa mji, la watu kupumzikia. Upande wa mbele familia zilitandika mikeka, watoto wakaelea juu ya tyubu za magari, na hoteli ikafungulia muziki mpaka mtu hasikii anachotafuna. Mzee hakuvua huko. Wenzake walimwita Chambo, kwa sababu hakuwahi kurudi mikono mitupu, na mahali pake pa kuvulia palikuwa siri ambayo hakumwambia hata ndugu yake wa damu.

"Leo nakuonyesha wewe," alimwambia dobi. "Mkwe naye ni mwana."

Siri yenyewe ilikuwa bomba. Lilichungulia kwenye matete nyuma ya hoteli, nene kama paja, likitapika kwa vipindi: kimya, kisha gurguru, kisha uji wa kahawia uliochanganyika na karatasi za chooni. Chini yake kambare walikuwa wanapandiana migongoni, midomo wazi, ndevu zikipapasa kila kinachoshuka. Loo, kinyaa! Ndoana ilikuwa haijazama vizuri inarudi na samaki. Minyoo ya ndoana, mzee alikuwa anaiharibu bure tu.

Dobi alishika mshipi kwa ncha za vidole. "Baba, hili bomba si la choo?"

"Kwani ulidhani wamenenepa kwa kula nyasi?" Mzee alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Mwanangu, moto unaua kila kitu. Mama yenu hajui, binti hajui, na wamekula miaka yote, afya tele. Mimi siozeshi mtu asiyejua kufunga mdomo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Alijisikia mchafu kuliko ndoo iliyokuwa miguuni pake. Hata hivyo akili ikaanza kumtafutia visingizio, na akili ya mtu anayetaka kuoa haikosi visingizio. Mzee hakosolewi mbele ya watu wake. Jibu likishatoka, atasema. Mvumilivu hula mbivu, alijiambia, na mbele yake hapakuwa na kilichoiva ila uvundo. Njia nzima alibeba ndoo yeye, mzee akitembea mbele anasalimia watu.

Nyumbani mchumba wake aliipokea ndoo kwa mikono miwili. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, na siku hiyo alikataa kusaidiwa jikoni. Mgeni ni wake, samaki atawapika mwenyewe. Dobi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akamtazama anavyowapasua, anavyowasugua kwa chumvi na ndimu, anavyowaunga kwa nyanya na vitunguu saumu. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili akaomba maji ya kunywa.

Mezani harufu ilikuwa nzuri kwa wengine wote. Yeye chini ya vitunguu saumu alilisikia bomba, waziwazi, akawa anageuza kipande chake kwenye sahani kama anayetafuta mwiba. Mzee akakohoa.

"Kijana nimemwona leo. Ana adabu, ana siri. Posa nimeikubali."

Mama mkwe akapiga makofi. Mchumba wake akamtazama, akatabasamu kwa macho yote, akamega mnofu wa tumboni ulionona, akautia mdomoni, akatafuna, akameza.

"Msile," dobi akasema. "Wamevuliwa kwenye bomba la choo cha hoteli."

Mama mkwe aliacha tonge likaanguka. "Baba watoto, kweli?"

"Moto unaua kila kitu," mzee alinguruma. "Na huyu leo kawa msafi? Ndoo alibeba nani?"

Binti alijifuta mdomo kwa kiganja, tena na tena. Hakumtazama baba yake kabisa; alimgeukia dobi.

"Wewe ulijua lini?"

"Asubuhi," dobi akasema.

"Ukakaa pale mlangoni ukaniangalia ninavyopika."

"Nilikuwa nasubiri jibu."

"Ukaniangalia nikimeza." Akainuka, akakusanya sahani zote, ya dobi ya mwisho. "Haya, baba ameshakukubali. Oaneni."