Nani Alifungua Friji

Siku fundi alipokuja kufunga vile vitu, Agatina Scuderi alivaa gauni lake la kanisani, akakaa jikoni na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuhamishwa.

"Wakimaliza kuigeuza nyumba yangu jela," alimwambia Delma, "nitahamia kwako. Kwako hata saa ya ukutani imekufa."

"Kwangu kuna mbu."

"Mbu hawasemi."

Walikuwa majirani kwa miaka arobaini na sita pale Ingham, mji wa mashamba ya miwa, katika nyumba mbili za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, na katikati yao bustani ya biringanya ambayo hakuna aliyekumbuka tena ni ya nani. Agatina aliletwa kutoka Sicily akiwa bibi harusi wa mwanamume ambaye alikuwa amemwona kwenye picha tu. Babu yake Delma aliletwa kutoka visiwa vya Vanuatu kuja kukata miwa, wala hakuulizwa kama anataka. "Wewe ulidanganywa kwa picha," Delma alikuwa akimtania, "babu yangu alidanganywa kwa zawadi ya shoka." Wote wawili walikuwa wajane sasa. Delma alikuwa na miaka sabini na sita na magoti mabovu. Agatina alikuwa na themanini na minne, na mwezi uliopita alianguka chumba cha kufulia akalala sakafuni saa tano nzima.

Kuanguka huko ndiko kulikomleta fundi. Rosalba, mwanawe wa pekee, aliishi Brisbane, safari ya siku mbili kwa gari. Alitaka mama aende kwenye nyumba ya wazee. Mama alisema atakwenda akiwa ndani ya sanduku. Wakakubaliana katikati: nyumba iwekewe vifaa vya kumwangalia mama.

Fundi, mwanamke mcheshi aitwaye Kerry, alibandika vihisi vidogo kama vifungo vya koti: kimoja jikoni, kimoja bafuni, kimoja kwenye mlango wa friji. Birika la umeme nalo likawekewa chake. Agatina akinywa chai, akifungua friji, akienda kuoga, simu ya Rosalba kule Brisbane ingeonyesha alama ya kijani. Ikifika saa mbili asubuhi bila dalili yoyote, simu ingepiga kelele. Chumbani Agatina alikataa katakata. "Mume wangu mwenyewe nilimzimia taa," alisema, na Kerry akacheka hadi akaangusha bisibisi.

Cha mwisho kilikuwa kisanduku cha sauti, kikubwa kama mkebe wa biskuti, kilichowekwa juu ya kabati. Rosalba alikuwa amekirekodia sauti yake mwenyewe ili mama asiogope kusemeshwa na mgeni. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kikasema: "Mama, ni wakati wa dawa. Vidonge viwili, na maji glasi nzima. Nakupenda."

"Nimeshakunywa, Signora," Agatina alikijibu siku ya kwanza, akikiita bibi kwa Kiitaliano. "Nyamaza."

Ikawa desturi. Kila kiliposema, alikijibu hivyo hivyo, wakati mwingine kabla hata hakijamaliza.

Mwezi wa kumi na moja maumivu yalianza chini ya mbavu. Agatina alisema ni gesi. Kisha macho yake yakawa ya manjano, na daktari akampeleka Townsville kwa vipimo. Siku mbili, usiku mmoja.

Alimwita Delma wakajifungia ndani kama wasichana wenye siri.

"Utalala kwangu. Saa kumi na mbili na nusu uchemshe maji. Saa moja ufungue friji. Uende bafuni mara mbili kabla ya saa nne, usizidishe, mimi sina kibofu cha ng'ombe."

"Tina, mpigie simu mwanao umwambie unakwenda hospitali. Kuna ubaya gani?"

"Rosalba amemzika mumewe Peter juzi tu. Miezi kumi na moja alimwosha, alimlisha kwa kijiko. Ugonjwa ni ule ule, nauhisi, Delma. Hata harufu ya mwili wangu ni ile ya Peter. Nisimrudishe kwenye shimo ambalo ndiyo kwanza anatoka."

"Huenda ni gesi."

"Basi ikiwa gesi nitamwambia mwenyewe tucheke. Niapie hutafungua mdomo."

Delma aliapa. Angefanya nini? Mtu uliyekula naye miaka arobaini na sita hukatai jambo dogo kama kufungua friji.

Asubuhi ile alichemsha maji, akanywa chai kwenye kikombe cha mwenzake. Alifungua friji akasimama mbele ya ubaridi wake: mtungi wa zeituni, nusu ya limau, bakuli la biringanya za siki lililofunikwa kwa sahani. Saa mbili kile kisanduku kikamwambia, kwa sauti ya mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha baiskeli: "Nakupenda." Delma, ambaye hakuwahi kujaliwa mtoto, alijikuta anasema, "Nami pia, mwanangu." Aibu ikamshika, akatoka nje haraka kumwagilia bustani ambayo mvua ilikuwa imeshaimwagilia.

Haikuwa gesi. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imekwishatawanyika. Daktari alizungumzia miezi, kisha akasita, akasema labda wiki kadhaa.

Krismasi Rosalba alikuja kwa siku nne. Agatina alijipaka rangi mashavuni, akavaa nguo za mikono mirefu katika joto lile la kuchemsha mayai, akasema amejikondesha kwa makusudi, daktari kamkataza jibini. Rosalba alimtazama sana. Jioni ya tatu alimfuata Delma kwenye bustani.

"Anti Delma, mama yuko sawa?"

Delma alikuwa ameinama anachuma biringanya. Hakuinuka. "Mama yako ni mama yako," alisema.

"Simu yangu inaniambia anaamka mapema kuliko mimi."

"Haya basi."

Neno hilo, haya basi, lingekuja kumkosesha usingizi baadaye. Lakini siku ile lilimtoka kirahisi, na Rosalba akatabasamu, akamsaidia kubeba kapu.

Mwishoni mwa Januari Agatina alishindwa kuinuka. Muuguzi alikuja mara tatu kwa wiki na sindano za maumivu. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu vya wazi vilivyopiga kelele. Kila mara alimwambia, "Bibi Scuderi, mwambie binti yako," na kila mara Agatina alimjibu, "Wewe shughulika na sindano." Alikuwa na akili zake timamu. Hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Kwa hiyo kila asubuhi Delma alipanda ngazi kumi na moja kwa magoti yale, akachemsha maji, akafungua friji, akaenda bafuni. Alama za kijani zikaenda Brisbane. Jumapili Rosalba alipopiga simu, Delma alimshikia mwenzake simu sikioni, naye Agatina alikusanya nguvu zake zote kama mtu anayeinua gunia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Niko jikoni, napika, nitakupigia." Akikata alibaki anahema, jasho limemtoka.

"Alikuwa anasema nini?" Delma aliuliza.

"Ananisifu. Eti nimeamka saa kumi na mbili na nusu wiki nzima. Eti ni mfano wa kuigwa." Alifumba macho. "Kumbe anakusifu wewe, mvivu mkubwa."

Walicheka, na kicheko kikamuumiza Agatina mpaka Delma akaomba msamaha.

Wazee wa zamani walisema mficha maradhi kilio humfichua. Delma aliliwaza jambo hilo siku ya kumi na nane, alipomgeuza mwenzake ubavu na kuona amekuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Muuguzi alimvuta pembeni kwenye veranda. "Siku chache," alisema. "Tatu, nne." Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya pili, na redio ilisema mto Herbert unapanda.

Siku ya kumi na tisa alifungua friji kama kawaida. Siku ya ishirini alifika, akambusu mwenzake aliyekuwa usingizini, kisha hakwenda jikoni. Alitoka, akaketi kwenye ngazi za nje na kuweka mikono mapajani. Alikuwa ameapa kutofungua mdomo. Hakuapa jambo lingine lolote. Saa moja ikapita. Saa moja na nusu. Alikaa pale kama mwizi, mvua ikimrukia miguuni. Saa mbili kisanduku kikasema habari za vidonge kwa jiko tupu, na dakika moja baadaye simu ya mezani ikaanza kulia.

Aliiacha ikalia mara nne. Kisha akaingia, akaipokea.

"Mama?"

"Si mama. Ni mimi. Njoo, Rosalba. Njoo leo."

Rosalba alipata ndege ya mchana hadi Townsville. Lakini kufikia saa tisa alasiri maji yalikuwa yamefunika barabara kuu pande zote mbili, na polisi wamesimamisha magari. Umbali wa mwendo wa saa moja na nusu ukawa kama bahari. Alilala kwenye hoteli ya kando ya barabara, na asubuhi maji yalikuwa yamezidi.

Kerry fundi ndiye aliyemwelekeza Delma kwa simu: kile kisanduku kinaweza kupitisha sauti ya Rosalba moja kwa moja na kurudisha majibu. Delma alikibeba kutoka juu ya kabati, akakichomeka chumbani kando ya mto wa kulalia, chumba kile ambacho Agatina hakutaka kiwe na kitu chochote cha kumwangalia.

"Mama," kikasema. "Mama, ni mimi. Nakupenda."

Agatina hakufumbua macho. Midomo yake mikavu ikasogea.

"Nimeshakunywa, Signora."

"Mama, ni Rosalba."

"Nimeshakunywa. Nyamaza."

"Tina!" Delma alimshika mkono. "Tina, si mashine hiyo. Ni mwanao mwenyewe anasema. Yuko Townsville, maji yamemzuia. Msikilize."

Agatina alikunja uso kidogo, kama anayetaniwa vibaya. "Rosalba yuko kazini," alisema.

Kutoka kwenye kisanduku kulikuja kilio, kilio cha mtu mzima aliyeachwa mlangoni. Delma hakujua akizime au akiache. Alikiacha. Rosalba aliendelea kusema siku ile nzima, akaimba kidogo nyimbo za Sicily alizozijua nusunusu, akaomba radhi kwa mambo ambayo Delma alijifanya hayasikii. Kama mama alisikia, kama alijua, hakuna ajuaye. Hakusema neno lingine. Alikata roho saa kumi jioni, mvua ikiwa imepungua, na Delma ndiye aliyelazimika kukiambia kile kisanduku.

Barabara ilifunguliwa baada ya siku mbili. Rosalba aliingia na matope hadi magotini, akasimama jikoni bila kukaa. Alitazama birika. Alitazama friji.

"Siku ngapi, Anti?"

"Siku ngapi nini, mwanangu?"

"Siku ngapi ulikuwa wewe?"

"Kumi na tisa mfululizo. Na mbili za Novemba."

"Kila asubuhi naangalia simu kabla sijashusha miguu kitandani. Nikiona kijani nasema, asante Mungu, mama kaamka." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Kumbe nilikuwa nakuangalia wewe."

"Aliniapisha."

"Ulikuwa na namba yangu."

"Nilikuwa nayo."

"Nilikuuliza. Pale bustanini, nilikuuliza."

Kanisani, siku ya mazishi, Rosalba alipeana mikono na watu wote wa benchi la mbele na la pili, akampita Delma kama mtu anayepita nguzo. Watu waliona. Delma alienda nyumbani peke yake, akavua viatu vyake vya kanisani, akakaa kitandani mpaka miguu ikamfa ganzi. Hakulia kwa sababu ya kupitwa. Alilia kwa sababu kila saa mbili asubuhi bado masikio yake yalikuwa yakisubiri kuambiwa kitu.

Siku ya sita baada ya mazishi Kerry alikuja akavibandua vile vihisi, akaondoka bila utani. Alasiri hiyo Delma alisikia hatua kwenye ngazi zake. Alikuwa Rosalba, hajachana nywele, amevaa sweta la mama yake katika joto lile.

Hakusalimu. Aliketi kwenye kiti cha veranda, akatazama bustani.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

"Najua, mwanangu."

Maji ya mafuriko yalikuwa yameacha mstari wa udongo kwenye mashina ya biringanya, na kunguru mmoja alikuwa akichokorachokora hapo chini.

"Simu yangu ina zile siku zote kumi na tisa," Rosalba alisema mwishowe. "Chai, friji, bafu. Zote za uongo. Nataka za kweli. Siku ya kwanza alifanya nini?"

Delma aliwaza. Magoti yalikuwa yakimuuma, akayanyoosha taratibu.

"Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Aliniomba nimwoshe nywele. Nilitumia maji ya mvua, kama alivyopenda. Aligombana nami kwamba nina mikono ya mkata miwa. Halafu akala vijiko viwili vya mchuzi, akalala."

"Alisema nini kuhusu mimi?"

Lilikuwa jambo rahisi kumpa. Mdomo wa Delma ulikuwa umeshafunguka kumpa. Lakini akaufunga, akatikisa kichwa.

"Siku hiyo hakukutaja. Alikutaja Alhamisi."

Rosalba alivuta mikono ya lile sweta mpaka ikafunika vidole vyake. Machozi yalimshuka bila sauti, wala hakuyafuta.

"Sawa," alisema. "Tutafika Alhamisi. Nieleze Jumapili."