Sentensi Iliyobaki Mikononi

Mkalimani wa lugha ya alama halipwi ili awe na maoni. Analipwa awe mdomo wa asiyesema na masikio ya asiyesikia, kisha arudi kwake akapike. Mama tunayemsimulia hapa aliianza kazi hiyo kabla hajajua kama ni kazi. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, na tangu utotoni ni yeye aliyetangulizwa mbele kubishana na wenye maduka. Muuzaji akimtukana mama, mtoto aliyameza matusi, akamwambia mama kwa vidole kwamba bei haishuki. Siri ilipofichuka, nyumbani wakambandika jina la Chujio. Alipokua akausomea ukalimani, akala kiapo kwamba hatatia chumvi wala kupunguza, na jina likabaki la utani tu.

Siku hiyo ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tume ilikuwa inakusanya maoni ya wananchi juu ya kanuni mpya za kujiunga na chuo kikuu cha serikali, na kanuni yenyewe, ukiivua maneno ya kiofisi, haikuwa ngumu kueleweka. Hadi hapo, wanafunzi viziwi walisamehewa mtihani wa kusikiliza, na kila kitivo kiliwatengea nafasi chache. Sasa ilipendekezwa msamaha ufutwe, na nafasi hizo wapewe waliokuwa kwenye orodha ya akiba. Mpango huo waliuita mizani moja kwa wote. Kumpa kiziwi mtihani wa kusikiliza, na bado kuna watu wazima waliokaa mezani wakalipitisha wazo hilo kwa chai na maandazi.

Binti wa Chujio alikuwa kwenye orodha ya akiba, karibu kabisa na juu. Alitaka kusomea ufamasia. Mwaka uliopita alikosa, akarudia mtihani huku mchana kutwa akiuza kwenye duka la vifaa vya simu, na safari hii akakosa tena, kwa alama chache sana. Kanuni mpya ikipita, mlango unafunguka. Isipopita, basi, kwa sababu chuo hakipokei aliyerudia zaidi ya mara moja. Katibu wa tume alipomuuliza Chujio kama ana maslahi yoyote katika shauri hili, alijibu kwamba maslahi yake ni nauli na chai. Katibu akacheka, akaenda zake.

Mlangoni, akiwa na binti yake, alikutana na Mama Mdogo. Hakuwa mdogo wa mama yake kwa kuzaliwa. Alikuwa fundi cherehani, kiziwi, aliyeshona kwenye benchi moja na marehemu mama yake Chujio kwa miaka mingi, na marehemu alipoondoka, yeye ndiye aliyebaki kumgombeza Chujio kila alipostahili. Mjukuu wake, kiziwi pia, alikuwa amefaulu na kupata mojawapo ya nafasi zile zilizotengwa, na barua ilikuwa imesimamishwa mpaka tume iamue. Viziwi wenzake wote, na kijana pia, walikuwa wamemtuma yeye peke yake awasemee. Bibi kizee alikuwa amevaa gauni jipya alilojishonea, na binti wa Chujio alimwamkia kwa mikono kwa heshima zote. Binti huyo alilelewa na marehemu bibi yake, wakati mama akiwa kazini, na alijua kusema kwa vidole kabla ulimi haujakaa sawa.

"Na huyu amekuja kunipigia makofi?" Mama Mdogo aliuliza kwa mikono, akimwonyesha binti kwa kidevu.

Chujio alitabasamu. Alijiambia kwamba kutabasamu si kusema uongo. Alijisahaulisha kwamba kwa viziwi uso nao ni neno. Ukweli ni kwamba binti alikuwa amejiandikisha kusema, tena kuunga mkono mabadiliko. Mama alikuwa amemsihi asifanye hivyo, asimwaibishe mbele ya rafiki wa marehemu bibi yake, naye akajibu kwamba tume imewaita wananchi, na yeye hajawahi kuambiwa kuwa ni mgeni.

Mama Mdogo aliitwa katikati ya asubuhi. Alisimama akiuelekea ukumbi, Chujio akakaa mbele yake, kwa upande, na kipaza sauti. Mkalimani hasemi yeye, husema mimi, kwa sababu sauti aliyoazimwa si yake.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema Chujio. "Nimeshona sare za watoto wenu, na hakuna aliyewahi kunirudishia kwa sababu sisikii. Mnataka mjukuu wangu afanye mtihani wa kusikiliza. Sawa. Nanyi njooni kwangu niwafunge vitambaa usoni, niwape sindano mtunge uzi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Mdogo alingoja. Yeye hakusikia vicheko, aliviona, na alijua kuvisubiri vipite kama mtu anavyosubiri gari lipite ndipo avuke. Macho yake yalitembea safu kwa safu, yakakusanya meno na mabega, kisha akaendelea. Alieleza jinsi kijana alivyojifunza kemia kwa kusoma midomo ya mwalimu aliyependa kuongea na ubao. Alieleza kwamba nchi nzima hakuna chuo kingine chenye mkalimani darasani. Chujio alimfuata neno kwa neno, na maskini, alianza kujiona mtu mwema.

Ndipo mikono ya bibi ikapanda juu zaidi, ikasema polepole, ili isipotee: "Msimtoe aliyefaulu bila masikio mkamweka aliyeshindwa akiwa nayo."

Binti alikuwa safu ya tatu. Chujio alimwona kwa pembe ya jicho, amekaa wima, kiganja kimefumba karatasi ya maneno yake. Aliyeshindwa. Neno hilo alikuwa amelizungushia ua nyumbani kwake miaka miwili, asilitamke yeye wala mtu mwingine. Na hapo hapo, chini ya huruma ile, kulikuwa na kitu kingine kisichopendeza: alijua kwamba sentensi hiyo ikitua, kanuni haipiti. Sijui kipi kilimfunga mdomo, huruma au tamaa. Hata yeye hakujua.

"Nawaomba mfikirie tena," alisema kwenye kipaza sauti. "Ahsanteni."

Makofi yakawa ya adabu tu. Mjumbe mmoja wa tume akapiga mwayo. Mama Mdogo hakuiteremsha mikono. Aliangalia safu ya kwanza, ya pili, ya mwisho, akizitafuta nyuso za watu walioambiwa jambo zito, asizione. Kisha akamtazama Chujio. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama anayeangalia mshono wa mtu aliyemfunza mwenyewe. Halafu akakunja mikono yake na kuketi.

Aliyefuata kuitwa alikuwa binti. Sasa kazi ya Chujio iligeuka: asikie, amwambie Mama Mdogo kwa mikono. Binti alifika kwenye kipaza sauti, akaiweka karatasi yake mfukoni.

"Kabla ya langu, kuna sentensi ya bibi iliyobaki," alisema. "Mkalimani hakuisema."

Mikono ya Chujio ilisimama hewani. Ukumbi ulinong'ona, mwenyekiti akagonga meza. Mama Mdogo alikuwa akiisubiri mikono hiyo. Basi ikabidi iseme, na kwa kanuni za kazi haikuwa na ruhusa ya kusema mimi ikimaanisha Chujio mwenyewe. Ilisema: mkalimani hakuisema.

Binti aliirudia sentensi nzima, pamoja na neno lile. Safari hii hakuna aliyepiga mwayo.

"Aliyeshindwa ni mimi," aliendelea. "Na huyo mkalimani ni mama yangu. Ningeweza kunyamaza, lakini nataka kumjibu bibi, na siwezi kujibu neno ambalo hamkulisikia. Nimerudia mara moja, sina mwaka mwingine. Nayaunga mkono mabadiliko. Nafasi hiyo naitaka."

Yote hayo Chujio aliyasema kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye maneno mama yangu, alijielekezea kidole. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mwenyekiti alitaka kujua kama ni kweli bibi alisema hivyo. Swali lilipita mikononi mwa Chujio, na kwa kitambo kidogo alitumaini, aibu ilioje, kwamba mama huyu pekee aliyembakia atamfichia. Mama Mdogo alijibu kwa ufupi, na Chujio akamtolea sauti.

"Nilisema. Na alinielewa."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mkalimani mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akaagiza sentensi iandikwe, mkalimani aonywe, na kikao kiendelee. Akaitwa mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito na hoja ndefu, na Chujio akainua mikono.

Binti alikuwa anarudi kwenye kiti chake. Alipopita, Mama Mdogo akamshika mkono wa blauzi, akasogeza kiti chake mpaka mgongo ukamwelekea Chujio, akampisha nafasi mbele yake.

"Kaa hapa," alimwambia. "Niambie wewe wanasema nini."

Binti alimtazama mama yake juu ya bega la bibi. Kisha akaketi, na vidole vyake vikaanza kumfuata mwalimu, kwa kusitasita mwanzoni, halafu sawasawa. Chujio naye hakushusha mikono, kwa kuwa aliambiwa aendelee. Aliyatafsiri maneno ya mwalimu yule yote, hakuruka hata moja. Ukumbini hakukuwa na kiziwi mwingine.