Koili ya Mama Vifungo

Mama Vifungo alikuwa ameshona nguo za watu miaka ishirini bila kujua transista ni mdudu gani, mpaka siku pedali ya cherehani yake ya umeme ilipokufa. Shemeji yake, fundi redio, alikuja kuitengeneza. Mama Vifungo alipoona ndani yake kidude cha miguu mitatu, ndiyo hiyo transista, akauliza kinafanya kazi gani, shemeji alicheka.

"Hayo niachie mimi, shemeji. Wewe shona."

Neno lile lilimkaa rohoni. Kesho yake alikwenda kwa shemeji akaomba mfuko wa vipuri chakavu, kisha akanunua kitabu kikuukuu cha mafunzo ya elektroniki. Humo akachagua sakiti moja, mzunguko mdogo wa umeme: taa ndogo inayowashwa na betri iliyokwisha nguvu. Ilitaka transista moja, na koili ya nyaya mbili zilizozungushwa kwenye pete ya chuma.

Transista ya kwanza aliiunguza, ya pili akaivunja mguu. Kulehemu kulimchoma vidole viwili. Lakini koili yake ilitoka safi, waya umelala kama uzi kwenye bobini.

Shemeji alipita, akaigeuzageuza. "Kushona umeshona. Inawaka?"

"Bado."

"Basi hiyo ni pete tu, vaa kidoleni. Au nikuonyeshe kosa?"

"Ukinionyesha, nakufukuza kwa mkasi!"

Siku tatu, kila mapumziko ya mchana, alifunga mlango akahangaika nayo. Akakwangua kwa wembe vanishi inayozuia umeme kwenye ncha za nyaya. Taa haikuwaka. Akarudia kusoma kitabu mstari kwa mstari, kidole juu ya mchoro, mpaka akaliona kosa: mwanzo wa waya mmoja ulitakiwa uungane na mwisho wa mwingine. Yeye alikuwa ameunganisha mianzo yote miwili! Akafumua koili nzima, akafunga uzi mwekundu kwenye waya mmoja asizichanganye tena, akazungusha upya.

Akachomoa betri ya saa ya ukutani iliyosimama tangu juzi, akaiweka.

Taa ikawaka.

Akaizima, akaiwasha. Mara tano. Mteja akagonga kuulizia suruali yake, akajibiwa, "Kesho!"

Alipompelekea shemeji taa ile, safari hii shemeji hakucheka. "Umezungusha mara ngapi?"

"Ishirini."

Shemeji akamsogezea kigoda. "Kuna redio hapa, koili yake imekatika. Waya ni kama unywele, na vidole vyangu hivi ni michi."

Mama Vifungo akakaa. "Kwanza nichoree sakiti yake," akasema.