Nukta ya Ndagoni

Jumatatu asubuhi muuguzi Arafa alibandika ramani ukutani mwa zahanati kwa pini nne, kisha akampa Somoe dawa zake za miezi mitatu. Watafiti wa mjini walikuwa wameunganisha mafaili ya zahanati na nyendo za simu, wakaweka nukta nyekundu kwa kila mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Ndagoni, kijijini kwa Somoe, ilikuwa na nukta moja.

"Majina wameyatoa yote, Bi Somoe. Usiwe na wasiwasi."

"Mimi waliniuliza lini?"

Arafa alizitazama pini zake.

Somoe alipotoka, nukta ilibanduka ikamfuata. Njiani ilikua, na walipofika Ndagoni ilikuwa sawa na sinia, ikielea shubiri mbili juu ya ushungi wake. Miaka minane alikuwa akimeza dawa bila kukosa, na vipimo havikuona tena kirusi. Hakuwa na uwezo wa kumwambukiza mtu. Hayo nukta haikuyasema.

Watu hawakushangaa, walikasirika. Waliipiga nukta mawe, na kwa kuwa haikuwa na mwili, mawe yalimpata yeye. Shemeji yake Sudi, mjumbe wa kamati ya afya, alikuja na panga. Alianza kwa shikamoo, maana Somoe ni mjane wa kaka yake mkubwa.

"Marahaba," Somoe aliitikia.

Sudi alikata kamba zote za mwani ambao Somoe aliulima baharini, kisha akamvunja mkono wa kushoto kwa bapa la lile panga. Somoe aliulilia mwani kwanza, mkono ukasubiri.

Jioni walichoma nyumba yake. Mwendesha bodaboda aliyemkimbiza hadi kijiji cha Bweni alimwomba asogee mbele kidogo, nukta ipate nafasi. Huko mwenye nyumba mmoja, Mwanahija, alimpangisha chumba. Watu wa Bweni waliiona nukta wakanyamaza. Hawapendi kumdhania mtu kitu kabla hakijaandikwa.

Mwezi uliofuata watafiti walitoa takwimu mpya. Ndagoni sifuri, na kijiji kikapewa cheti, akakipokea Sudi kwa mikono miwili. Bweni moja, maana simu ya Somoe ilikuwa imehama naye.

Mwanahija alimsomea habari hiyo taratibu, asiruke neno, kisha akaomba arudishiwe ufunguo wa chumba. Nje vijana walikuwa wameshaanza kuokota mawe.