Vipimo Vinane

Mkono wake wa kushoto ulininyookea, kiganja wazi, na macho yake yakanikazia kutoka kule mbele: piga sasa. Tarumbeta ilikuwa mdomoni tayari, pumzi nimeshaivuta. Nami Vinzenz Haslauer, mpiga tarumbeta wa majaribio ambaye mwaka wake ulikuwa unakwisha adhuhuri ile ile, nilikuwa karibu na hakika kwamba mkuu wangu amekosea.

Ngoja nieleze vizuri, maana watu wa mji wa Graz wamesema mengi kuhusu Jumapili ile, na wengi wao hawakuwemo ukumbini.

Ottokar Riedl alikuwa mtunzi, na kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeiongoza okestra yetu. Mbele yake tulimwita Bwana Mkuu, nyuma yake Mzee. Alikuwa mkali kama pilipili. Aliyekalia kiti changu kabla yangu alikosa ishara moja tu, akafukuzwa hata chakula cha mchana hakijaiva. Mimi niliambiwa siku ya kwanza: ishara ya mkono wake ndiyo sheria. Nikivuka salama onyesho lile, angenitilia sahihi barua ya kazi ya kudumu. Baba yake Resi, mchumba wangu, alikwisha kusema bila barua hiyo hakuna ndoa. Basi nilikwenda ukumbini roho mkononi.

Simfonia ilikuwa yake, ya sita, na ilikuwa inapigwa kwa mara ya kwanza. Mzee alitunga kila kiangazi, wakati wa likizo, kisha akasahihisha mpaka dakika ya mwisho kwa penseli ya buluu. Kazi hakujua kuiacha. Alhamisi, katika sehemu ya nne, alikata vipimo vinane kabla tu ya mahali ninapoingia peke yangu. Vipimo ni vile vipande vidogo vya muziki ambavyo sisi tunaosubiri zamu huvihesabu kimoja kimoja. Jumamosi akavirudisha. "Nilikuwa mjinga," alisema, nasi tukacheka kwa adabu. Karatasi yangu ilichafuka kwa buluu na kifutio hata ikawa taabu kuisoma.

Yeye mwenyewe aliongoza bila karatasi. Muziki wote aliubeba kichwani, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Kabla ya kuingia, Pichler, mpiga tarumbeta wa kwanza, mtu wa tumbo na maneno, alinivuta kando.

"Kijana, mambo yakiyumba usimwangalie Mzee. Mwangalie Hölzl." Hölzl ndiye aliyekuwa mkubwa wa fidla.

"Kwani yatayumba?"

"Utaona. Na paka mdomo mafuta, umekauka kama mkate wa juzi."

Kweli, niliona. Katika sehemu ya kwanza mkono wa Mzee ulihesabu tatu mahali pa nne. Katika sehemu ya polepole alisimama pasipo na kituo. Mara zote mbili watu sitini waliufuata upinde wa Hölzl kana kwamba hakuna kilichotokea. Funika kombe mwanaharamu apite. Watazamaji hawakutambua, naye hakutambua. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu, na tabasamu lile liliniuma sana. Kumbe tangu majira ya baridi wote walijua kwamba kumbukumbu yake inamtoka, na hakuna aliyemwambia. Siwalaumu. Nani angethubutu?

Ndipo ikaja sehemu ya nne. Nilikuwa na vipimo tisini na vinne vya kusubiri, nikavihesabu kwa vidole gotini. Nilipofika themanini na sita, mkono ukaja.

Themanini na sita ilikuwa hesabu ya Alhamisi, vile vinane vikiwa vimekatwa.

Je, kama alivikata tena asubuhi ile, akawaambia wote ila mimi? Nikamtupia Pichler jicho. Kidole chake kilikuwa bado kinagonga goti, kinahesabu. Nikajua. Nikipiga, nitawaangukia wapiga zumari katikati ya wimbo wao, na mji mzima utasema kijana mgeni hajui hesabu. Nisipopiga, nimemkaidi mkuu mbele ya okestra yake, na yeye atajua kwa nini.

Niliishusha tarumbeta.

Kwanza uso wake ulijaa hasira. Kisha mkono ukabaki hewani, kama wa mtu aliyeunyoosha kusalimia na asipate wa kuupokea. Zumari ziliendelea kuimba. Nilimwona akizisikiliza. Themanini na tisa, tisini, tisini na moja. Akaurudisha mkono pole pole, akatazama sakafu.

Kilipopita cha tisini na nne hakuna aliyeniita. Niliingia mwenyewe. Leo nina miaka sabini na mitatu, na sijawahi kupiga vizuri kama siku ile. Naona haya kusema hivyo, lakini ndiyo kweli.

Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mzee aliinama mara nne, akaenda zake, na muda si muda nikaitwa chumbani kwake. Alikuwa amekaa mezani na shati lililolowa jasho. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

"Nilikuita," alisema.

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Hukuja."

"Ilikuwa bado, Bwana Mkuu. Vipimo vinane."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilitaka kutoka mbio. Kalamu aliishika lakini hakuichovya.

"Haslauer, wewe unajua kuhesabu. Leo nimekosea mara ngapi?"

Ningeweza kusema mara moja. Wenzangu wote wangesema hivyo, na mpaka leo kuna usiku ninaotamani ningalisema. Lakini aliniuliza kama anayetaka kujua, na alikuwa mtu wa kwanza mkubwa kuniuliza kitu kwa namna ile.

"Tatu, Bwana Mkuu."

Nje, watu wa fidla walikuwa wanafunga masanduku yao, wanacheka.

"Mimi nilihesabu moja," alisema.

Akachovya kalamu, akatia sahihi barua yangu, akaipuliza wino ukauke, akanipa. Kisha akavuta karatasi nyingine tupu. Juu yake aliandika "Kwa Kamati ya Okestra," wale waliomwajiri yeye mwenyewe, na bila kuinua uso akaniomba nikitoka nifunge mlango.